Sema Goziba

Nitataja majina. Paroko wetu aliniambia, "Paskazia, andika ugonjwa wako uwasaidie wengine, majina mwachie Mungu." Nikamjibu kwamba Mungu anayajua tayari, wasioyajua ni wanawake wenzangu walioko kisiwani. Wa kwanza ni Evodius, aliyeshika kishikwambi. Wa pili ni Novatus, kaka yangu wa tumbo moja. Kuna na wa tatu, lakini huyo nitamtaja nikifika mahali pake, maana jina lake kwangu ni zito kuliandika.

Niliishia darasa la saba. Habari za vijidudu na chembechembe sizijui, usizitafute humu. Ninachokijua ni mabenchi. Najua benchi la mbao linavyouma mifupa ya makalio mtu akishakonda, na benchi la chuma linavyokuwa baridi asubuhi kabla hujavaa nguo ya pili. Na najua jambo moja ambalo limenichukua muda mrefu kulijua, ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Leokadia. Tulilala kitanda kimoja. Tulipimwa siku moja, foleni moja, yeye nyuma yangu. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshatuanza wote wawili. Mimi nilipigiwa simu baada ya wiki sita. Yeye alipigiwa karibu mwaka mzima baadaye. Mimi ninaandika, yeye yuko chini ya migomba. Kwa nini mimi na si yeye? Swali hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, na jibu nimelipata.

Baba yetu alikuwa na kibanja Nshamba, kibanja kizuri, migomba na kahawa vimeshonana mpaka jua halifiki chini. Alipokufa kikawa cha Novatus. Sikulalamika, ndivyo ilivyo kwetu. Nilikuwa mjane, watoto wangu wawili wako Dar wanatafuta maisha, nikavuka ziwa kwenda kisiwa cha Goziba kuuza chakula kwenye kambi ya wavuvi. Leokadia yeye alirudi nyumbani kutoka kwa mume aliyempiga mpaka akamvunja jino. Alirudi na binti yake Jovina, mtoto pekee aliyebaki hai kati ya sita aliowazaa. Akalima maharage kwenye kona ya kibanja cha baba yake mwenyewe. Novatus akayang'oa. Hakungoja hata yakomae, aliyang'oa yakiwa na maua, akayatupa njiani watu wapite wayaone. Akasema, "Hapa hakuna shamba la wanawake." Maneno yake ni hayo na yeye ni Novatus, na akisoma ajue nimemwandika.

Mimi Novatus alinivumilia kwa sababu nilinyamaza. Kila Krismasi nilishuka kutoka kisiwani, nikapiga magoti, nikamsalimia, akanipa mkungu mmoja wa ndizi. Leokadia hakupewa kitu. Jovina alipopata nafasi ya chuo, mama yake akanifuata Goziba, akawa anaanika dagaa. Chumba chetu kilikuwa cha mabati, kitanda kimoja, ndoo mbili.

Walikuja msimu wa senene, ule wa mwisho wa mwaka. Watu wa utafiti, na boti yao nyeupe. Walikaa kambini siku mbili. Wanawake wote wenye umri wetu tuliitwa tukapanga foleni mbele ya meza, na mezani alikuwa Evodius. Kijana msafi, viatu vyake aliviweka juu ya kipande cha ubao visiguse magamba ya samaki.

Sasa, asiyetujua sisi Wahaya lazima nimweleze kitu. Ukimuuliza Mhaya anaishi wapi, hakuambii anapolala. Anakuambia kibanja chao kilipo. Mtu anakaa Dar miaka thelathini, amezaa, amejenga, muulize, atakutajia kijiji cha Muleba ambacho mara ya mwisho alikifika kwenye msiba. Kisiwa ni mahali pa kutafutia. Hakuna mtu anayesema mimi ni wa Goziba, kama ambavyo hakuna anayesema mimi ni wa stendi.

"Unaishi wapi, mama?" Evodius akaniuliza.

"Nshamba."

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Nshamba ya wapi wewe Paskazia, na jana umenipimia wali hapa hapa, tena kidogo!"

Watu wakacheka. Evodius hakucheka wala hakuinua macho. Aliandika Nshamba.

Akaja Leokadia. Akasema Goziba. Evodius akaandika Goziba.

Tukapewa kila mmoja kipakiti. Ndani kuna kijiti kirefu chenye brashi laini mbele. Unaingia nyuma ya turubai, unajipima mwenyewe, unakitia kwenye kichupa chenye namba, unarudisha. Leokadia alitoka nyuma ya turubai akicheka, kanga imekaa upande. "Waitu, dada, leo nimekuwa daktari."

Tulipomaliza, Evodius akasimama kwenye ule ubao wake akatutangazia. "Akina mama, majibu ni kwa simu. Ukipigiwa, uje. Usipopigiwa, endelea na shughuli zako." Hayo ndiyo aliyosema. Wewe ungeelewaje? Sisi tulielewa kwamba kimya ni uzima. Hakusema kwamba kuna wengine watangoja. Ama hakujua, ama alikuwa na haraka ya kurudi kwenye boti. Sijui, na hata kama hakujua, sijamsamehe.

Simu yangu ililia kabla ya Kwaresima, nikiwa nageuza maharage jikoni. Sauti ya kike ikaniita kwa jina langu kamili, ikasema nifike Bukoba. Nilimwambia Leokadia. Alinawa mikono yenye dagaa akanishika mabega. "Twende wote. Mimi hawajanipigia, mimi mzima, nitakubeba."

Nilipofika Bukoba wakaangalia, wakakata kinyama kidogo, wakaniambia ningoje. Kungoja kule ndiko nilikojifunza mabenchi. Unakaa na watu ambao kila mmoja ameshika bahasha, na kila mlango ukifunguliwa wote mnainua shingo kama kuku waliosikia mtama. Siku ya jibu daktari alizungumza pole pole, akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa. Nilisikia neno saratani, baada ya hapo nikaona midomo yake inacheza tu. Leokadia ndiye aliyesikiliza. Ndiye aliyeuliza, "Je, atakula nini?"

Tulivuka na meli wakati masika yamekolea. Matibabu yangu yalikuwa mionzi kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, na dripu mara moja kwa wiki. Sitaeleza mashine. Nitaeleza maji. Kabla ya mionzi lazima unywe maji chupa nzima ubane mkojo, kibofu kijae. Basi tuko wanawake kumi kwenye benchi, tumevuka miguu, tumebana, tunatazamana kama wanafunzi walioiba. Hapo nilikutana na Mama Zuhura, wa Bukoba mjini, mama mnene wa hijabu aliyekuwa ameshapoteza unene wote isipokuwa wa maneno.

"Jamani msinichekeshe leo," anasema. "Mimi nikicheka, huko ndani watanitafutia mtumbwi."

Tunacheka. Tunabana. Mmoja anakimbia chooni, ndiyo amepoteza zamu yake, anaanza kunywa upya huku tunamzomea. Haya madogo ndiyo yaliyotuvusha. Usije ukadhani wodini ni kulia tu.

Lakini mwili unabadilika, nisikudanganye. Ngozi ya chini ya kitovu iliungua ikawa nyeusi kama ganda la ndizi iliyochomwa. Nywele za huko zilidondoka. Tumbo likawa halishiki kitu, nikawa navaa vitambaa kama mtoto. Hedhi ilikatika wiki ya tatu, kama mtu amefunga bomba, na joto likaanza kunipanda kifuani mpaka usoni. Nilikuwa nanuka, na mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kuinusa harufu. Nilizeeka kwa majuma machache. Na ukeni, wenzangu, panabana. Wanakupa kifaa cha kujitanulia wanakuonyesha jinsi ya kukitumia, na wengi wanakitupa kwa aibu. Msikitupe.

Leokadia alifua vile vitambaa vyote. Alinipikia uji kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, alinishika mkono kwenda na kurudi. Kwenye chumba cha kungojea alikuwa anakaa hatua kumi kutoka kwenye mlango wa mashine. Hatua kumi. Nimezihesabu kichwani mara nyingi kuliko rozari.

Siku moja Mama Zuhura alimuuliza, "Na wewe mdogo mtu, umeshapima?"

"Nilipima na dada, siku moja."

"Wakasemaje?"

"Hawakunipigia."

"Alhamdulillahi," Mama Zuhura akasema, na mimi nikasema amina.

Wiki ya nne nilianza kumwona anashika kiuno akiinua ndoo. Nikasema, "Una nini?" Akasema, "Nina dada mzito." Tukaliacha hapo.

Tuliporudi, kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka kila ua unaopita. Sikurudi Goziba, nguvu sikuwa nazo. Tulifikia Rwamishenye, pale Bukoba, kwa Jovina. Yeye alikuwa amemaliza chuo, alisomea mambo ya takwimu, kazi hakupata, akafungua steshenari. Anachapa barua za watu, anatoa kopi, anawajazia wanafunzi fomu. Chumba cha nyuma ndicho tulicholala.

Asubuhi moja nilitoka uani nikakuta beseni limefunikwa. Nikafunua. Kanga ya Leokadia imelowekwa, maji yamekuwa kama ya kuchemshia rosela. Nikamuita.

"Ni hedhi tu," akasema. "Inaniaga, inatoka na kelele."

"Leokadia, ungekwenda wakuone."

"Waone nini? Walishaniona. Wangekuwa na neno wangepiga." Akachukua beseni akamwaga. "Wewe ndiye mgonjwa humu ndani. Tusiwe wawili, Jovina atatulisha na nini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa naogopa ugonjwa wangu usirudi, sikuwa na nafasi ya kuogopa wa mwingine. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliyeugua anakuwa mchoyo wa woga.

Senene walirudi. Asubuhi hiyo tulikuwa barazani wote watatu, ungo katikati, tunang'oa mbawa na miguu. Leokadia alikuwa na kasi kuliko sisi, anamkamata senene kichwani, mara moja kwisha. Simu yake ikalia. Akaipokea kwa ukingo wa kiganja, vidole vina ute wa kijani.

"Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, Goziba." Akasikiliza. Akasikiliza sana. Akasema, "Asante, mwanangu," akaiweka simu chini, kando ya ungo, taratibu kama kitu kitakachovunjika.

Akanitazama. "Dada, kumbe nilikuwa kwenye foleni."

Sitaeleza mengi ya baada ya hapo. Walimpima Bukoba, wakamvusha ng'ambo, mabenchi yale yale, lakini yeye hawakumpa maji ya kunywa na kubana. Ugonjwa ulikuwa umeshaziba njia za figo. Walimpa dawa ya maumivu ya kunywa kwa kikombe kidogo, wakamwambia arudi nyumbani apumzike. Alivimba miguu, akakonda uso, mikono ikabaki ile ile ya dagaa, migumu. Jovina alikuwa anafunga steshenari mchana kuja kumgeuza. Wiki za mwisho alikuwa anaomba akatogo, ndizi na maharage kwenye sufuria moja, akiletewa ananusa tu, anasema ameshiba. Alifariki kabla ya Pasaka, saa nne asubuhi, Jovina akiwa anamkata kucha.

Na Novatus akaja. Alikuja na suti. Akasema dada yake hawezi kuzikwa mjini kama mtu asiye na kwao, lazima alale kwenye kibanja cha baba. Akasimama mbele ya watu, akalia, akasema, "Dada yetu Leokadia, wa Nshamba." Alizikwa pale pale kwenye kona ya maharage. Akiwa hai kona hiyo haikumtosha. Nilitaka kupiga kelele, lakini Mama Zuhura, aliyekuja na wenzake kutoka msikitini kunipa pole, akanibana mkono mpaka ukafa ganzi. "Usimzike na ugomvi," akaninong'oneza. Nikanyamaza. Kunyamaza mimi ni fundi.

Baada ya arobaini, Jovina hakulia tena. Alikuwa anakaa mbele ya kompyuta ya steshenari, wateja wakitoka anarudi kutafuta. Siku moja akaniita.

"Mama mkubwa, njoo. Nimeupata."

"Umepata nini?"

"Utafiti wao. Wameuandika, umechapishwa. Uko wazi, mtu yeyote duniani anausoma, haulipiwi. Hata hesabu zake zote wameziweka."

Nikasogeza kiti. Kilikuwa Kiingereza kitupu, mistari kama siafu. "Uko wazi kwa nani?" nikamuuliza.

Jovina akabofya. Akafungua ukurasa mwingine, jedwali refu, halina majina. Kila mstari ni mwanamke mmoja. Umri, aliozaa, walio hai, mahali anapoishi, tarehe ya kupimwa, jibu na tarehe lilipopatikana, siku alizongoja. Akawa anashuka na kidole. Kidole kikasimama.

"Amezaa sita. Aliye hai mmoja. Goziba." Sauti yake ikashuka. "Huyu ni mama. Na aliye hai mmoja ni mimi."

Mwanangu alijikuta mle ndani. Nilimshika kichwa nikakiweka kifuani kwangu, akakitoa. Alitaka kusoma.

Jibu la mama yake lilipatikana wiki ile ile lilipopatikana langu. Wiki moja! Nilipokuwa nageuza maharage kambini na kusikia jina langu kwenye simu, la kwake lilikuwa liko hapo hapo, limeandikwa. Tukatafuta mstari wangu, tukauona: Nshamba, wiki sita. Wa kwake: Goziba, karibu mwaka.

Jovina akasoma mpaka jioni, akanieleza kwa maneno yangu. Waliokutwa na ugonjwa walikuwa wengi, wahudumu wachache. Wakaitumia kompyuta kupanga nani apigiwe kwanza. Kompyuta ilifundishwa kwa madaftari ya zamani ya zahanati, na madaftari yalionyesha kwamba watu wa visiwani wakiitwa hawaji. Basi ikafanya hesabu zake: aliye karibu atakuja, apigiwe. Wa kisiwani hatakuja, angoje.

"Hawaji kwa sababu hakuna boti!" nikasema.

"Kompyuta haijui boti, mama mkubwa. Ilionyeshwa daftari tu."

"Na aliyeionyesha daftari hajui ziwa?"

Wateja wawili mlangoni wakaamua kurudi kesho.

Kwenye ukurasa kulikuwa na anwani ya mwandishi. Jovina akamwandikia, na sikutegemea, lakini alijibu, na alipopita Bukoba akaja. Daktari Neema. Nilimtarajia mtu mkubwa, akaja binti mwembamba mwenye begi mgongoni. Nilikuwa na kikapu cha akamwani, kahawa kavu ya kutafuna, ambayo kwetu mgeni hata awe mbaya wako unamnyooshea. Sikumnyooshea. Jovina aliona, akatazama chini.

"Pole sana, mama," akasema.

"Pole nimeshapewa na wengi. Nieleze."

Akaeleza kama Jovina alivyoeleza. Akasema kosa hilo waliligundua wenyewe mwishoni, walipoona waliotaja visiwa wamengoja kupita wengine, na kwamba wameliandika humo humo ndani bila kuficha, wameweka na hesabu wazi ili wengine duniani wasilirudie.

"Mmeungama," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Mmeungama kwa Kiingereza."

Binti yule macho yakajaa. Nikaona raha, Mungu anisamehe, raha ya kwanza tangu msiba. Nikamwambia kama ni wazi basi aje nao Goziba, asimame pale alipokuwa amesimama Evodius, asome kwa Kiswahili, awaambie wanawake kwamba kimya hakikuwa uzima. Akasema atakwenda. Naandika hapa kwamba alikwenda, na Mama Zuhura ni shahidi, maana alipanda naye boti Kemondo akatapika njia nzima. Wanawake waliokuwa bado wanangoja walihudumiwa. Kwa hiyo Neema simweki kwenye majina yangu. Nilimpa akamwani siku aliporudi.

Lakini siku ile ya kwanza, kabla hajaondoka, aliuliza kitu. Alikuwa anatazama ile mistari miwili kwenye kioo.

"Samahani, mama. Siku ile ya kupimwa wewe ulikuwa unaishi wapi?"

"Goziba."

"Na mdogo wako?"

"Goziba. Kitanda kimoja."

"Mbona kwako imeandikwa Nshamba?"

Nikamweleza habari ya kibanja, kwamba Mhaya akiulizwa anataja kwao. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye kijitabu chake. Ndipo Jovina akageuka na kiti chake.

"Basi mama yangu kwa nini hakutaja Nshamba? Na yeye kwao si huko?"

Nikasema, "Kwa sababu ya Novatus."

Jovina akakubali. Ni kweli, ni kwa sababu ya Novatus. Lakini nimeahidi majina matatu.

La tatu ni Paskazia.

Nimeandika kule mwanzo kwamba Leokadia alisema Goziba. Alisema, lakini sikuandika yote. Evodius alipomuuliza anaishi wapi, mdogo wangu alifungua mdomo kusema Nshamba, kama Mhaya mwingine yeyote. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamvuta kanga kwa nyuma.

"Wewe sema Goziba," nikamwambia, mbele ya foleni nzima. "Unajiandikisha Nshamba kwenye mitambo ya watu? Novatus akisikia atasema unadai kibanja, na mimi atanifukuza. Nshamba una nini wewe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Leokadia naye akacheka, akajifunika mdomo pale penye pengo la jino. Akamgeukia Evodius. "Goziba," akasema.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya mkungu mmoja wa ndizi wa Krismasi. Nilimzidi umri, alinitii. Sikujua kompyuta wala hesabu zake, ni kweli, na paroko ameniambia asiyejua hana dhambi. Lakini nilijua nilichokuwa ninamnyang'anya. Nilimnyang'anya kwao, na mashine ikamalizia. Alikufa hajui kwamba jina lile la mahali ndilo lililomchelewesha. Sikuwahi kumwomba radhi, kwa sababu nilipojua alikuwa ameshazikwa, tena Nshamba.

Wanawake wenzangu mlioko visiwani, na mlioko popote kwenye foleni, langu ni dogo. Ukiulizwa unaishi wapi, taja ulipoamkia leo na njia ya kukufikia. Kisha uliza: nisiposikia, nirudi lini? Usitoke mezani mpaka wakutajie siku. Na ukimwona mwenzako amefunika beseni, usikubali jibu la kwanza.

Haya nimeyaandika kwa mkono kwenye daftari la mistari, na wa kuyachapa ni mmoja tu. Jovina, kwa hiyo wewe ndiye msomaji wa kwanza, na najua umeshafika hapa. Nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Nilijaribu siku ya Neema, nikajaribu kaburini, nikajaribu jana tukimenya ndizi. Ukiona haya hayafai kuchapwa, chana. Ukichapa, usiondoe jina langu. Yaweke wazi kama wao walivyoweka ya kwao, yeyote ayasome bila kulipa, ila kwa lugha yetu.

Kesho asubuhi nitakuwekea daftari mezani kabla wateja hawajaja, nitoke nje, nikae kwenye lile benchi lako la mbao. Ukimaliza kusoma, niite.

Nitangoja. Usipoita, safari hii nitajua maana ya kimya.